Neno Lililoandikwa kwa Chaki

“Nikiweka karatasi zangu humo ndani, nani mwingine atazisoma?”

Hilo ndilo swali aliloniuliza jirani yangu Levina, mama yake Elieth, mwaka ule mchwa walipoingia kwenye sanduku lake la bati. Alisimama mlangoni kwetu na bahasha ya kaki mkononi. Cheti chake cha ndoa kilikuwa kimeliwa nusu nzima, limebaki jina la mume na muhuri wa parokia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya mtandao nilikuwa nayatazama kwa mbali, kama mtu aliyesimama kando ya reli anavyotazama treni ikipita. Nikamgeukia binti yangu.

Nyamizi hakuinua hata macho. “Hakuna, mama,” alimjibu Levina. “Labda Mungu peke yake.”

Levina akacheka. Na mimi nikacheka. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Tunaishi Kitete, mjini Tabora, karibu na njia panda ya kwenda hospitali. Njia inayopita mbele ya ua wetu ni ya zamani. Wazee husema misafara ya kwenda Ujiji ilipita hapo, na watu wa hapa walizoea kupokea wageni wasiowajua majina. Desturi hiyo haijafa. Mtu akipiga hodi mtaani kwetu, unaitikia “karibu” kabla hujaiona sura yake. Hata mimi niko hivyo hivyo.

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba. Siku zake zilikuwa na mpangilio. Asubuhi anachota maji, anafagia uwanja, anakunywa chai kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kisha anavaa sare na kuondoka. Akirudi shuleni anaosha vyombo, halafu anaingia kwenye chumba cha kazi cha marehemu baba yake na kujifungia mpaka nimwite kusonga ugali.

Baba yake, Xavery, alikuwa fundi wa kompyuta. Alituachia meza ndefu, makopo ya skrubu, waya wa intaneti uliovutwa kutoka nguzo ya barabarani, na kompyuta moja kuukuu isiyo na kioo. Hiyo ndiyo Nyamizi aliyoifufua. Watu wengi huweka picha na barua zao kwenye kompyuta za makampuni ya mbali, wasizoziona wala kujua ziko wapi. Nyamizi alitaka ya kwetu iwe nyumbani. Aliiweka chini ya meza, ikawa inavuma kama mzinga wa nyuki, na mtu aliyepewa ruhusa aliweza kuvifungua vitu vyake kwa simu yake mwenyewe. Mafundi huita mashine ya namna hiyo seva. Sisi nyumbani tuliiita sanduku.

Aliyemfundisha ni Ngassa, rafiki wa Xavery, anayefundisha kompyuta chuoni. Alikuja kila Jumamosi mchana, akiegesha pikipiki yake kwenye kivuli cha jiko. Alimweleza mtoto kwa maneno ya nyumbani hata mimi nikawa naambulia mawili matatu.

“Kila kifaa kina anwani yake, kama nyumba,” alimwambia. “Hii ruta ndiyo geti letu. Sanduku lako lina milango mingi, na kila mlango una namba. Mlango usioutumia, ufunge. Unaoutumia, ujue nani ana ufunguo wake. Na hapa kuna daftari. Kila anayepiga hodi, mashine inamwandika.”

Siku moja alinionyesha daftari hilo kwenye kioo cha kompyuta yake. Mistari ilikuwa inashuka bila kukoma.

“Leo peke yake wamegonga mara elfu tatu, shemeji.”

“Akina nani hao?” niliuliza. Nilikuwa na ungo wa mchele mkononi.

“Wala si watu. Ni mashine zinazunguka dunia nzima zikijaribu vitasa. Zikikuta kimoja kimelegea, ndipo mwenyewe anakuja.”

Hofu ilinishika. Nikaenda chumbani, nikachovya kidole kwenye maji ya baraka, nikarudi kuliwekea lile sanduku alama ya msalaba. Ngassa akatabasamu.

“Huo nao ni ulinzi,” alisema. “Lakini usimwage maji, tutapoteza mashine. Acha tuongeze na wa kwetu.”

Basi Nyamizi akafunga milango yote ya kutokea nje, akauacha mmoja tu, kwa ajili ya Elieth, binti wa Levina aliyekuwa anasoma Mwanza. Elieth hakuingia kwa neno la siri. Aliingia kwa ufunguo maalumu uliowekwa ndani ya simu yake, mrefu kama kurasa mbili za maandishi yasiyosomeka. Nyamizi alijivunia sana kazi ile. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba hata wadukuzi wa Ulaya wakija wataishia getini. Wakamtania wakimwita Waziri wa Ulinzi.

Sasa nieleze juu ya mlango wa chumba cha kazi, maana mambo yote yalianzia hapo.

Xavery alipokuwa anaumwa, ndugu walikuja kumjulia hali kutoka Usoke na Goweko. Walilala kwetu siku nyingi, na kila mmoja aliuliza neno la kuingilia kwenye intaneti ili apeleke habari nyumbani. Asubuhi moja Xavery aliinuka kwa shida, akachukua chaki, akaandika nyuma ya mlango kwa herufi kubwa: karibuwote. “Ili wasinichoshe kwa kuuliza,” alisema. Baada ya majuma mawili tulimzika. Siku za matanga mtaa mzima ulilitumia neno lile, na wengi hawakuliondoa kwenye simu zao tena. Mimi nami sikulifuta. Nilipopangusa mlango, kitambaa changu kilizizunguka herufi zile bila kuzigusa.

Nyamizi alipotengeneza sanduku, akalipa neno lile lile. Aliniambia mwenyewe. “Ni la baba,” alisema, na mimi nikaona ni jambo jema.

Jumamosi moja Ngassa alisimama mbele ya mlango ule, akayatazama maandishi, akamgeukia mtoto. “Neno la siri la sanduku si hili, sivyo?”

“Nilishabadilisha, baba mdogo.”

Nilikuwa nimekaa kizingitini namenya karanga. Nikauona mkono wa Nyamizi ukizungusha kipande cha waya kwenye kidole, ukikizungusha na kukizungusha. Ninaujua mkono ule. Ndivyo ulivyofanya alipovunja chupa ya chai akasema ni paka. Lakini sikusema neno. Nilitaka Jumamosi ile iishe kwa amani.

Karatasi za Levina zilipigwa picha mezani kwetu, moja baada ya nyingine, juu ya kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe chenye maua ya buluu pembeni. Kilichobaki cha cheti cha ndoa. Cheti cha kuzaliwa cha Elieth. Barua ya kiwanja. Ya mwisho ilikuwa karatasi ya hospitali. Levina aliishika kidogo kabla ya kuitoa.

“Na hii?” Nyamizi aliuliza.

“Na hiyo, mwanangu. Mchwa wakiila, nitaanza kupimwa upya.”

Akaiweka mezani, akatazama pembeni mpaka simu ilipolia kuonyesha kuwa picha imepigwa.

Ilipita kama miezi miwili. Levina alikuwa anauza uji na matobolwa kando ya barabara ya hospitali. Watu wanaokwenda kuona wagonjwa walisimama pale kupasha tumbo, na saa tatu sufuria yake huwa imekwisha. Jumatatu moja nilipita nikitoka misa ya asubuhi. Ilikuwa saa nne na sufuria imejaa mpaka shingoni.

“Leo watu wameshiba,” Levina aliniambia. Alikuwa anakoroga taratibu ili uji usishike utando.

Jumanne ilikuwa hivyo. Jumatano akapunguza unga. Alhamisi nilimkuta amekaa peke yake, vikombe vimepangwa vyote juu ya meza, vikavu.

Jumamosi tulikutana kwa jumuiya nyumbani kwa Julieth. Tulisali rozari, tukasoma Injili, kisha chai ikaletwa. Levina alikuwa amebeba sinia la matobolwa kama kawaida yake. Lilizunguka mkeka mzima likarudi kwake bila kuguswa. Levina alilifunika kwa kitambaa, akaaga kwamba kichwa kinamuuma, akaondoka.

Julieth akanivuta uani. “Mama Nyamizi, ina maana hujaiona? Iko kwenye kundi la simu la mtaa tangu Jumapili.”

Akanionyesha. Ilikuwa picha ya karatasi ya hospitali. Juu jina kamili la Levina, chini jina la ugonjwa. Ugonjwa wenyewe sitautaja hapa, kwa sababu si wangu kuutaja. Wala macho yangu hayakukaa kwenye jina lile. Yalikwenda pembeni mwa picha, kwenye kona ya chini, palipoonekana ua moja la buluu la uzi wa kufuma.

Nikamrudishia simu yake. “Nani ameituma?”

“Hata sijui. Zinazunguka tu.”

“Ifute, Julieth.”

“Nikifuta mimi itasaidia nini? Kila mtu anayo.”

“Ifute hivyo hivyo.”

Sijui kama aliifuta. Nilikwenda nyumbani nimeshika rozari mkononi, nimesahau hata kuirudisha kwenye mkoba.

Nyamizi alikuwa anaosha vyombo. Nilipomweleza, sahani ilizama majini akaiacha hapo hapo. “Ni wadukuzi, mama,” alisema. “Watu wa nje. Wametuingilia.” Nikampigia simu Ngassa, naye akafika akiwa na makoti yake mawili ya pikipiki, hakuvua hata moja. Aliketi mbele ya sanduku, akaunganisha kompyuta yake, akafungua daftari la waliopiga hodi. Alisoma muda mrefu. Nje nilisikia mtu akitia upepo kwenye tairi la baiskeli.

“Kutoka nje hakuna aliyeingia,” alisema mwishowe. “Wamegonga sana, lakini wote wamerudi. Elieth peke yake ana ufunguo, naye hajafungua tangu Pasaka.”

“Basi imetokaje?” niliuliza.

“Huyu hapa.” Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. “Alhamisi ya juma lililopita, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Anwani yake ni ya humu humu ndani, shemeji. Alikuwa ameshika intaneti ya nyumba hii. Akagonga sanduku, akaandika neno la siri mara moja tu, likakubali.”

“Mara moja tu,” alirudia.

Kisha akageuka taratibu akautazama mlango. Na sisi tukautazama. Herufi za Xavery zilikuwa pale, nyeupe, zimesimama wima.

“Nyamizi,” Ngassa alisema. “Ulibadilisha?”

Mtoto alikuwa na povu la sabuni bado mikononi. “Sikubadilisha, baba mdogo.”

“Uliniambia umebadilisha.”

“Nilidanganya.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka libaki la baba.” Akafuta pua kwa kiwiko. “Na ulipouliza, niliona nikisema bado, utasema mimi bado mtoto.”

Ngassa hakumkaripia. Ningependa angemkaripia. Alivua koti moja, akaliweka magotini. “Miezi yote hii umelinda barabara,” alisema. “Umelinda watu wa mbali usiowajua. Hawa walio ndani ya ua umewaachia kila kitu, kwa sababu unawajua sura. Hilo kosa si lako peke yako. Hata mimi nilipaswa kuangalia kwa macho yangu, si kuuliza tu.”

Ruta ilikuwa na orodha ya simu zote zilizoishika intaneti siku ile, na jina la kila moja. Simu yenye anwani ile ilijiita Jilala Baiskeli. Hatukuwa na haja ya kutafuta mbali. Jilala ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, anayetengeneza baiskeli nje ya ukuta wetu. Ndiye aliyekuwa anatia upepo. Siku ya mazishi alishika upande wa kulia wa jeneza la Xavery.

Nilimwita, akaingia akifuta grisi kwenye suruali. “Shikamoo mama. Mwalimu, habari za leo.”

Nilimwitikia. Ngassa akamwonyesha mstari, akamsomea saa na siku. Jilala akakunja uso.

“Kwani nimeiba? Neno liko mlangoni hapo. Marehemu mwenyewe aliniambia, Jilala, jisikie uko kwenu.”

“Alikuambia juu ya intaneti,” Ngassa alisema.

“Sasa mimi nitajuaje mpaka uko wapi? Simu ilinionyesha kuna sanduku. Nikasema labda kuna mechi za zamani, Xavery alikuwa anazihifadhi. Likaniuliza neno, nikaandika lile lile. Likafunguka. Mechi hakuna, ni makaratasi matupu.”

“Ukaona jina la Mama Elieth.”

“Nikaliona.”

“Ukafanya nini, Jilala?” Hapo niliuliza mimi.

Alitazama chini. Sauti ikapungua. “Nilimtumia mtu mmoja tu. Mke wangu. Ni mjamzito, mama, na kila siku anakunywa uji pale. Niliogopa.”

“Na yeye?”

“Alimtumia dada yake.” Akaguna. “Mmoja tu, nilisema moyoni. Sikujua itafika huko ilikofika.”

Alisimama kidogo akisugua vidole vyake vyeusi, kisha akaomba apewe ruhusa akamalizie tairi la watu.

Ngassa hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha, lakini hakuifanya yeye. Alikaa kwenye kigoda akamwelekeza Nyamizi, naye akafanya kwa mikono yake. Aliigawa intaneti ya nyumba mara mbili. Moja ikawa ya wageni, na mgeni aliye humo haoni sanduku kabisa, hajui hata kama lipo. Ya pili ikawa ya nyumba. Kila mwenye vitu sandukuni akapewa chumba chake na neno lake. Vilivyomo vikafumbwa kwa programu maalumu, hata mtu akiibeba mashine mabegani akute michoro isiyo na maana. Halafu Nyamizi akatunga neno jipya la sanduku, refu, lisilo jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa au wa kufa. Hakulitamka. Na kila jioni, Ngassa alimwagiza, kabla ya kuosha vyombo, afungue daftari asome nani amepiga hodi.

“Na ile picha?” Nyamizi aliuliza. “Tunairudishaje?”

“Ya humu tumeifuta,” Ngassa alisema. “Ile ya nje hairudi.”

Nikachukua kitambaa, nikakilowesha, nikaenda mlangoni. Nilianza na herufi ya kwanza. Chaki ilikuwa imeingia kwenye mbao, haikutoka kwa mara moja. Nyamizi akaniwahi akanishika mkono.

“Mama, hayo ndiyo maandishi yake ya mwisho.”

“Najua.”

“Tumeshabadilisha neno. Hayana kazi tena.”

“Baba yako aliyaandika awakaribishe watu waliokuja kumpa pole,” nilimwambia. “Hakuyaandika yaje yamvue jirani nguo.” Nikafuta mpaka mwisho. Mbao zikabaki na weusi wa maji.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nikajifunga kanga, nikamwambia Nyamizi twende.

“Baba mdogo atatusemea?”

“Utasema wewe.”

Levina alikuwa uani kwake anawamwagia kuku uji uliobaki. Nyamizi akapiga goti, akamwamkia, akaeleza yote bila kuruka kitu. Neno la mlangoni, uongo aliomwambia Ngassa, Jilala. Sauti yake ilikatika mara mbili, akaianza tena sentensi. Alipomaliza, na mimi nikasema langu. “Nilimwona akidanganya, Mama Elieth. Niliujua mkono wake. Nikanyamaza.”

Levina hakuacha kumwaga uji. “Siku ile nilikuuliza, Nyamizi. Ulinijibu nini?”

“Nilisema hakuna atakayeona. Labda Mungu.”

“Ulikuwa unajua hivyo?”

“Hapana, mama. Nilikuwa sijui. Nilisema tu.”

Kuku walikuwa wanagombana miguuni kwake. Levina alikung’uta sufuria mpaka tone la mwisho. “Nendeni nyumbani,” alisema.

Kuanzia Jumatatu mimi na Nyamizi tulikwenda kunywa uji pale kila asubuhi, mbele za watu, kwa vikombe vyake. Levina alitumiminia. Neno lake lilikuwa moja tu: “Sukari?” Tukijibu, anageukia moto. Ngassa alikuja, akanywa, akaketi kwenye benchi muda mrefu kuliko haja yake. Siku ya tisa alipita muuguzi mmoja mwenye sare. Aliona watu wamesimama mbali wakinong’ona, akaulizia, akaambiwa. Akaagiza vikombe viwili, akavinywa vyote wima, kisha akawaambia kwamba ugonjwa ule hauhami kwa kikombe wala kwa mwiko, na kwamba mtu anayemeza dawa zake ana akili kuliko anayeogopa kupimwa. Baada ya hapo akaja mmoja, wakaja wawili. Juma la nne alikuja Jilala na mkewe. Walikunywa wameinamisha vichwa. Sufuria ikawa inaisha saa tano, sio saa tatu kama zamani. Wapo ambao hawakurudi. Julieth hajarudi mpaka leo, ingawa tunakaa mkeka mmoja kila Jumamosi.

Kila jioni Nyamizi alisoma daftari lake. Wenzake hawakumwita tena Waziri wa Ulinzi, maana aliacha kusimulia.

Mvua za kwanza ziliponyesha mwezi wa Novemba, mchwa wakaamka tena. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Tulisikia hodi. Safari hii sikusema karibu. Nilinyanyuka nikatazama kwanza. Alikuwa Levina, na bahasha ya kaki mkononi. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, ule uliokuwa na maandishi. Aliutazama kwa kitambo.

“Wamerudi,” alisema. Alimaanisha mchwa. Kisha akamgeukia mtoto. “Nikiweka karatasi zangu humo ndani, nani mwingine atazisoma?”

Nyamizi aliweka kalamu chini. Nilimtazama mikono, ilitulia juu ya meza.

“Mimi naweza, mama, kwa sababu mimi ndiye ninayezipiga picha,” alisema. “Elieth anaweza, ukimruhusu. Wageni wa nyumba hii hawawezi tena. Mwizi akiiba mashine hawezi bila neno langu. Lakini nikikosea tena, au akija mtu anayejua kunizidi, ataweza. Wote siwajui. Ninaowajua ni hao.”

Nikaona ni zamu yangu.

“Jibu hilo ndilo ulilopaswa kumpa siku ya kwanza, Nyamizi,” nilisema. “Ukipokea kitu cha mtu umepokea na heshima yake. Usimwambie umefunga wakati hujafunga. Usimwambie hakuna aonaye wakati hujui. Kufuli zote alizokufundisha Ngassa zinaanzia hapo, kwenye kusema kweli, ili mwenye kitu achague mwenyewe cha kukupa na cha kubaki nacho. Na wewe unayesikia mtoto akidanganya ukanyamaza,” hapo nilikuwa nasema na nafsi yangu, “umemfungulia mlango.”

Levina alifungua bahasha magotini. Alizipekua karatasi taratibu, akaitoa moja katikati, ile yenye muhuri wa hospitali. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno. Bahasha na vilivyobaki ndani yake akaviacha juu ya kitambaa changu cha maua ya buluu. Akainuka, akatoka.